Benchi Lililoziba Njia ya Atupele

Kawetele, Tukuyu

Kaka yangu Rajabu,

Amani iwe juu yenu nyote hapo nyumbani Tanga. Mimi mwili ni mzima, na baridi ya huku nimeizoea kiasi cha kulala bila soksi. Shida ni uso: sijui niuweke wapi. Lakini wewe kwanza. Mgongo unaendeleaje, na Mama ameshatibiwa lile jicho? Nijibu hilo kabla ya lolote.

Nilikwambia gazeti limepunguza watu na kwamba sasa nalipwa kwa habari inayochapwa tu. Habari za Tukuyu ni mvua, ndizi, na mvua tena. Kwa hiyo nimerudia kazi aliyotufundisha Baba. Nimejitengenezea benchi la useremala hapa ninapopanga. Miguu ni ya mkaratusi, uso ni mbao nene za msonobari, na viungo vyote ni vya ulimi na tundu. Nililiweka mbele ya nyumba, kwenye kinjia kiendacho mtoni, kwa sababu ndiko kwenye mwanga.

Likabaki jiliwa, kile chombo cha kubania ubao usisogee. Tangu biashara ilipofunguliwa, maduka ya Mbeya yamejaa vitu, na majiliwa mapya yapo, yanang'aa kama sufuria za harusi. Nililikaza moja mbele ya mwenye duka: mataya yakakutana juu, chini yakabaki wazi. Zuri lilikuwa la zamani, la chuma kizito, kwa fundi mmoja wa magari, na bei yake ilinifanya niage. Fundi wa kuchomelea hapa mjini akasema anaweza kunitengenezea moja kwa skrubu ya jeki ya lori. Nikamwambia nitafikiri. Nilifikiri muda mrefu, kwa kuwa nilikuwa na jiliwa la bure.

Jiliwa hilo ni jirani yangu, Mzee Ambakisye, aliyepunguzwa kazi kwenye kiwanda cha chai. Kila asubuhi alikuja, akakalia ncha ya ubao, nami nikapiga randa.

"Piga, tata," alikuwa akiniambia, yaani baba kwa lugha yao. "Jiliwa la Kinyakyusa halihitaji grisi."

Tena alikuwa akija anakohoa njia nzima. Nikakihurumia kifua chake, nikawa nampikia chai ya tangawizi.

Mzee ana mkwe, Atupele, mke wa mwanawe. Zamani alipita mlangoni kwangu akienda mtoni, akinisalimia vizuri. Baada ya benchi akaacha. Nilimwona akipanda na ndoo kichwani kupitia migombani, kwenye mteremko unaomtelezesha hata mbuzi. Nikahisi ananidharau.

Juma lililopita mvua iliuharibu kabisa mteremko ule, naye akatokea kinjiani na ndoo yake. Alipotuona akaitua, akageuka, akajifunika khanga usoni na kuchutama nyuma ya mgomba. Mimi, kwa kujiona mcheshi, nikapaza sauti: "Bibi harusi! Kwetu Tanga mkwe humpigia magoti baba mkwe wake, hajifichi kama mwizi wa kuku! Njoo umwamkie!"

Hakusogea. Nikaenda nikaichukua ndoo, nikaiweka juu ya benchi, mbele ya Mzee. "Sasa utakuja tu."

Atupele akakimbia. Mzee aliinuka, uso ameuelekeza ukutani, ubao ukaanguka, akaondoka bila kuaga.

Mama Lugano, mwenye nyumba wangu, alikuwa jikoni na alisikia yote.

"Baba, umefanya nini? Huku mkwe haonani na baba mkwe. Hata jina lake halitamki. Akimsikia anakuja, anapisha."

"Ndiyo maana Mzee anakohoa?"

"Sasa ulidhani ana pumu?"

"Mbona hamkuniambia?"

"Wewe si mwandishi wa habari? Tulijua unajua."

Kaka, riziki yangu ya miaka yote hii imetoka katika kuuliza watu maswali. Hili moja, lililokuwa likipanda mlima mbele ya macho yangu, sikuuliza. Atupele alishaanguka pale mteremkoni. Wanawake wote walijua. Goti lake limevimba.

Nilikwenda kwa Mzee kuomba radhi. "Kosa si lako peke yako," alisema. "Ila ningekuachaje, mgeni, uhangaike na ubao peke yako?"

Siku hiyo hiyo nikaagiza jiliwa la jeki. Linabana sawasawa, na nimeyavisha mataya yake mbao laini yasiumize kazi. Ukitaka la bei nafuu, tengenezesha la namna hiyo. Benchi nimelihamishia nyuma ya nyumba, penye kiza. Nilimwita Mzee aje alione. Aliuzungusha mpini, akacheka kidogo.

"Haya," akasema. "Na huku nimepunguzwa."

Hajarudi tena.

Njia iko wazi sasa. Atupele anapita, anachechemea. Jana alisimama penye pembe ya nyumba akasema, kwa adabu zote, "Shikamoo, baba." Mimi nilikuwa nimeshasikia nyayo zake. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango wa jikoni, randa mkononi, nimejificha kwa aibu. Sikuitikia. Alingoja kidogo, akaenda zake.

Mpe Mama mkono wangu. Msalimie shemeji, mkeo, na shangazi yetu mwuza vitumbua, na mjomba anayeadhini. Wakiuliza habari za huku, waambie mvua inanyesha.

Ni mimi mdogo wako,
Hamisi