Ufa Niliokuficha, Baba Mkwe

Baba mkwe wangu,

Shikamoo. Wiki tatu zimepita tangu tukuzike na najua huwezi kuitikia, lakini sijapata kukusemesha bila shikamoo na sitaanza leo.

Nina neno zito. Ule mshono uliouchomelea kwenye boila la kiwanda cha mbao una ufa, na ufa unakua. Kesho asubuhi anayewasha moto ni Danieli, mwanao.

Unaikumbuka siku ile? Boila lilikuwa limepasuka, mtaalamu wa Kizungu ameshakwenda kwao, na kamati ikasema tujitegemee. Ulichomelea siku nne umelala kwenye majivu, ukitoka macho mekundu, unakula kiazi kimoja na kurudi ndani. Ulipomaliza, katibu wa chama alipanda juu ya gogo la mti wa mkulo akatangaza kwamba Mwafrika ameweza. Nami nikaletwa kutoka Tanga na mashine ya mawimbi ya sauti, kukagua kazi ya mtu aliyenioza binti yake.

"Mkwe, chuma changu unakipaka mafuta ya nywele?" ukanitania. Ilikuwa grisi, maana bila grisi sauti haiingii kwenye chuma. Nikapitisha kichwa cha mashine polepole kando ya mshono. Sauti ile hakuna sikio linaloisikia. Ikikuta chuma kizima hupita, ikikuta ufa hurudi, na kwenye kioo husimama mstari kama mwiba. Mwiba ukasimama. Nikarudia mara tatu, ukasimama palepale.

"Inasemaje?" ukauliza.

Watu walikuwa wametuzunguka, katibu anatabasamu. Baba, mimi nimelelewa milima hii hii. Mkwe unampisha njia, na humbishii hata akisema mvua hainyeshi huku mnalowana wote wawili. Ningetamkaje mbele ya kadamnasi kwamba kazi yako ina kasoro? Nikasema, "Mashine hii bado ngeni. Tupige picha ya mionzi, picha haina ubishi." Nilitaka picha iseme nililoshindwa kulisema mimi. Ndio ujinga wangu huo, na nilikuwa nimesoma.

Wapiga picha wakaja na sanduku lao zito lenye alama ya hatari, wote tukafukuzwa hadi barabarani, na baada ya siku chache filamu ikaletwa. Safi kabisa. Nilijua kwa nini. Mionzi huandika kivuli, kwa hiyo tundu lenye hewa huonekana kama doa, lakini ufa mwembamba uliolala mshazari hauachi kivuli. Nilijua, na bado nikatia sahihi. Wewe uliinua ile filamu dirishani ukaitazama, ukacheka kwa furaha. Nikacheka nawe.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba nilikuwa nakujua. Nilikuona ukiusaga mshono mzima wa lango la kanisa, mchungaji amesimama anasubiri, eti sura ya mshono haikukupendeza. "Njoo kesho," ukamwambia, wala hukuona haya. Hata huu ungeukata. Ungeninunia siku mbili, ukaurudia, yakaisha. Nilikupa heshima ambayo hukuiomba.

Juzi, boila likiwa limezimwa lisafishwe, nimeupima tena. Mwiba umerefuka, na ufa umesogea upana wa vidole viwili. Nikaenda kwa meneja. Akafungua kabati akanitolea filamu ile ile. "Ndugu mkaguzi, wewe mwenyewe ulisema picha haina ubishi. Hiyo sauti yako, picha yake iko wapi?" Sauti haina picha, baba. Nimepiga simu ofisini Tanga, nako wanasema watatuma mtu wiki ijayo.

Nikamwendea Danieli. Alikuwa anapanga kuni mbele ya tanuri. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kama ulivyomlea.

"Shemeji," akasema, "ungesema baba yupo, ningekuamini. Kaburi halijakauka unamsingizia. Kesho nawasha mimi, sitaki awashe mwingine."

Akarudi kwenye kuni zake. Chumba cha boila kina mlango mmoja, na mlango wenyewe uko upande wa mshono. Naogopa, baba. Tangu juzi silali.

Amebaki mtu mmoja tu ambaye Danieli hawezi kumkatalia, naye ni mama yake. Tangu nioe sijakaa naye chumba kimoja wala kumtazama usoni. Nikiwa na la kumwambia, hupitia kwa binti yako Naomi. Naandika haya nimekaa kwenye ngazi za mawe chini ya nyumba yako. Ukungu umeshuka mpaka migombani, lakini moshi wa jikoni nauona, kwa hiyo yupo. Bado amejifunga kanga ya msiba, nami napanda kumwambia, macho kwa macho, kwamba mumewe alikosea na mimi nilijua. Akinifukuza, nitasimama mlangoni mpaka anisikie.

Nisamehe, baba. Neno hili lilikuwa lako ulisikie wewe. Nimechelewa, sasa nalipeleka kwa mjane wako.

Mkweo,
mume wa Naomi