Okidi ya Mama Mkwe Iliyotundikiwa Dripu

Mpendwa mshauri, wifi yangu amenipigia simu leo Jumatatu asubuhi kuniarifu kwamba mama mkwe anarudi Jumapili, tarehe 19, kwa basi linalofika saa kumi jioni, na tangu nilipokata simu nimeandika jina lake kwenye faili mbili za wagonjwa, kiasi kwamba wodini wamenikataza kumchoma mtu sindano, kwa hiyo naomba msaada, na naomba upesi.

Mama alikwenda kumsaidia wifi aliyejifungua, akaniachia okidi yake, ua la chunguni, ile aliyopewa na marehemu baba mkwe siku mama alipostaafu ualimu mkuu, na ujue kwamba kwa miaka saba mama huyu ameniita "mke wa mwanangu" hata nikiwa nimesimama mbele yake, lakini siku aliponikabidhi chungu alisema, "Maji mara moja kwa wiki, mwanangu," na mimi kwa furaha nikasikia hilo neno la mwisho tu.

Nikaona mizizi imechomoza nje ya chungu, nikadhani imekosa udongo, nikaikunja nikairudisha ndani, nikaishindilia udongo mweusi wa bustanini, nikawa namwagilia kila nikitoka zamu, na majani yalipoanza kulegea na kukunjamana nikasema hizi ni dalili ninazoziona wodini kila siku, mgonjwa kaishiwa maji mwilini, basi nikachukua chupa tupu ya dripu, nikaijaza maji ya bomba, nikaitundika kwenye msumari wa pazia, matone kumi kwa dakika, usiku na mchana. Mume wangu, dereva wa lori, akipita sebuleni huuliza, "Sista, mgonjwa wako ameamkaje?" nami hujifanya nahesabu matone, maana maua yote yamedondoka na chungu kinanuka kama tambara la kudekia lililosahauliwa kwenye ndoo.

Kisha nikaharibu zaidi, nikanunua maua ya plastiki, nikayabandika kwa plasta kwenye kikonyo, nikapiga picha nikamtumia mama, naye akafurahi, "Yamechanua hivyo! Na mizizi je, mwanangu? Nitumie picha ya mizizi," nikamtumia maua tena, wiki iliyofuata akaomba mizizi, nikamtumia maua kwa upande mwingine, na jana kaomba mara ya tatu. Je, ninunue okidi nyingine inayofanana nayo, au nimwambie imeibwa?

Sista wa Dripu

MSHAURI ANAJIBU

Dada, nimeanza kwa muuza maua aliye karibu na ofisi yetu, mwenye miaka ishirini na miwili kazini. Nilipomsomea sehemu ya dripu aliomba nirudie, kisha akakaa chini. Anasema hivi: kama kuna mzizi hata mmoja mgumu, mmea haujafa. Hukuunyima maji, umeuzamisha. Okidi ya namna hiyo porini huishi juu ya miti, mizizi ikining'inia hewani. Ile iliyochomoza ilikuwa inapumua, wewe ukaizika. Mizizi ikioza haiwezi kunywa, majani hulegea kama yana kiu, nawe ukaongeza maji. Kosa hilo hufanywa na wengi. La dripu, anasema, wewe ni wa kwanza.

Sasa sikiliza. Leo Jumatano, ondoa hiyo dripu. Toa mmea chunguni, osha mizizi kwa maji ya uvuguvugu mpaka udongo wote uishe, kisha uibonyeze mmoja mmoja. Ulio mgumu uache. Uliolainika na kuwa wa kahawia, kata kwa mkasi uliochemshwa. Hilo wewe muuguzi huhitaji kufundishwa. Paka unga wa mdalasini kwenye vidonda tu, uache mmea ukauke hadi kesho. Kesho utafute chungu chenye matundu chini, kinachotosha mizizi iliyobaki na si zaidi, ujaze vipande vya magome ya mti badala ya udongo. Usishindilie. Mzizi unaotaka kutoka nje, uache utoke. Usimwagilie hadi Jumapili. Baada ya hapo, mwagilia mpaka maji yatoke chini, mwaga yanayobaki kwenye kisahani, na usirudie mpaka mizizi igeuke rangi ya majivu. Ikiwa bado ya kijani, weka kopo chini uende kazini.

Kuhusu wizi: mwizi gani ataacha runinga abebe chungu kinachonuka? Na okidi nyingine usinunue. Mwanamke aliyesimamia mitihani maisha yake yote, akikuomba picha ya mizizi mara tatu, anajua. Amekuwa akikupa nafasi ya kusema, nawe ulikuwa unatafuta upande mzuri wa plastiki.

Bandua plasta. Mizizi ukishaikata, ipige picha ilivyo, hata ikibaki miwili, umtumie, kisha umpigie kabla hajakupigia. Sema, "Mama, nimeizamisha," ukome hapo. Habari za dripu atazipata kwa mwanawe. Atafoka, na ana haki. Huenda ukarudi kuwa mke wa mwanawe kwa siku mbili tatu, vumilia.

Jumapili tarehe 19, saa kumi kasoro robo, uwe kituo cha mabasi wewe mwenyewe, usimtume dereva wa lori. Nyumbani uache kopo la maji limejaa kando ya chungu, na usiliguse. Maji ya kwanza atamwagilia yeye.