Kuku wa Mwezini

Jumatatu, 3 Machi

Albamu yetu ya muziki inatimiza miaka hamsini mwaka huu. Fundi Saa kapita karakanani asubuhi kunikumbusha, kama vile mimi ni mtu wa kusahau. Nilikuwa namimina plasta kwenye kalibu ya taya la mteja, kazi isiyosubiri salamu, na yeye kasimama mlangoni anaongea tu.

Tunakutana Jumamosi ya tarehe 15, chumba cha nyuma cha duka lake. Nitazungumza kabla ya upande wa pili. Juu ya ukimya, kama kila mwaka.

Sisi watu wa Kikao tuna sheria moja: Albamu haisikilizwi kwenye simu. Inasikilizwa kwa kaseti, watu wameketi, hakuna kuongea. Na kaseti zetu zote zimezaliwa na moja – yangu. Kaka yangu aliirekodi kutoka kwenye santuri ya kuazima nilipokuwa mtoto. Baadaye nikawarekodia wenzangu, mmoja baada ya mwingine, ndipo wakaanza kuniita Profesa. Mimi, mtengeneza meno bandia! Nasema sipendi, lakini wakiacha nitaugua.

Leo Fundi Saa kaja na kitu amekifunga kwa taulo kama mtoto mchanga. Santuri yenyewe. Toleo la kwanza, kaazimwa na mtu, hataki kunitajia nani. Anajua gramafoni ya kaka bado iko kwangu. Kasema niisikie kwanza peke yangu, ni haki yangu.

Jumanne, 4 Machi

Sijaipiga. Nimesafisha sindano ya gramafoni kwa brashi ya kazini, ile laini ya kutolea vumbi la meno. Najitunzia raha.

Upande wa pili ni wimbo mmoja tu, mrefu. Mtu anajenga ngazi mpaka mwezini. Kinanda kinapanda naye, ngoma zinakwenda kwa mapigo saba saba mpaka mguu wa kuchezea unaupoteza, filimbi inamzunguka kichwani. Anafika juu – na kimya. Kimya kabisa, kirefu. Halafu filimbi peke yake, mtu anashuka.

Mwezini hakuna hewa, na pasipo hewa hakuna sauti. Hiyo ndiyo hoja yangu tangu ujana. Bendi nyingine ingetupigia matarumbeta, hawa wakatuachia nafasi. Fundi Saa ameyaandika maneno hayo kwenye kadi, kayabandika ukutani, na jina langu chini yake. Tukifika pale wote tunaweka vikombe chini na kufumba macho. Hakuna aliyetufundisha. Yaani – mimi ndiye niliyeanza.

Jumatano, 5 Machi

Kuna kuku.

Mtu anafika mwezini na anamkuta kuku. Pale pale penye ukimya wangu. Matarumbeta ya sarakasi, mtu anapiga sufuria, halafu mwanamume mzima anatetea kama kuku anayetafuta pa kutaga. Kuku anamgombeza: amefuata nini huko juu, nani kamwita? Watu wanacheka studioni, unawasikia. Kisha filimbi, anashuka.

Nimerudisha sindano. Kuku. Nimerudisha tena. Kuku yule yule.

Nimezima gramafoni. Nilichokuwa nakiona si Albamu, bali uso wa yule mshonaji. Alikuja Kikao mwaka juzi, mara moja tu, kaketi karibu na mlango na futi yake ya kupimia bado shingoni. Tulipofumbua macho akauliza kwa upole, na kuku mmemweka wapi? Nikamjibu mbele ya wote kwamba dada, hiyo ya kuku ni ya watoto, umeuziwa mbuzi kwenye gunia. Watu wakacheka. Nikangoja wamalize, nikaongeza kwamba labda ilikuwa kelele ya cherehani yake. Wakacheka tena.

Hakurudi. Na mimi nililala vizuri usiku ule, hilo nalikumbuka.

Alhamisi, 6 Machi

Nimempigia kaka. Nimemzungukia kwanza, habari za wifi, habari za mgongo wake. Halafu nikauliza.

"Yule kuku?" Akacheka mpaka akakohoa. "Mdogo wangu, ulikuwa unamwogopa vibaya. Akianza tu unaingia chini ya kitanda, unalia mpaka mama anakuja kuzima kila kitu. Nikaona nikurekodie ya kwako, isiyo na kuku. Nilipofika pale nikateremsha sauti, akapita, nikapandisha."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani unajua. Si wewe ndiye Profesa?"

Nyuma yake nimemsikia wifi akiuliza kuku gani, na kaka akaanza kumwigizia. Nimekata simu nikisingizia mlango unagongwa.

Kwa hiyo si hewa wala mwezi. Ni kaka yangu, kijana mdogo, na kidole kwenye kitufe, ili mimi nisilie. Ningeweza kuguswa na jambo hilo kama nisingekuwa na aibu kiasi hiki. Nilipewa kitulizo cha mtoto, nikakifanya elimu, nikaigawia mji mzima.

Ijumaa, 7 Machi

Nilikwenda dukani na santuri, kusema kweli. Naapa nilikwenda kusema kweli. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, tena ya kuchekesha: jamani, mnajua tumekuwa tukimfumbia macho nani miaka yote hii?

Fundi Saa alikuwa na kioo chake jichoni, saa ya mtu iko wazi tumbo mbele yake. Akauliza bila kuinua kichwa: "Enhe, Profesa. Ukimya kwenye santuri ukoje?"

Na mdomo wangu ukasema: "Hii siyo yenyewe. Imechakachuliwa. Wameingiza upuuzi katikati. Tupige kaseti."

Ulisema wenyewe, haukuniuliza. Sauti yangu ilikuwa imara, nzuri kabisa, ile ya kwenye Kikao.

Kavua kioo, kaitazama santuri kwa huzuni, kaifunga tena kwenye taulo. Hata hakuuliza upuuzi gani. Angeuliza tu! Ningesema. Nadhani ningesema.

Jumatatu, 10 Machi

Ni ya mshonaji.

Nilipaswa kujua. Nani mwingine mji huu angekuwa nayo? Fundi Saa kaniambia leo, mwenyewe anaona kafanya jambo la kiungwana. Yule mama alikuwa amemletea saa ya ukutani, wakaongea, akasema ana santuri ya marehemu mama yake, kama itafaa kwa miaka hamsini waitumie. Akamwomba tu asimtaje kwanza, asije akaonekana anajipendekeza.

Sasa kairudisha. Kaingia kibandani kwake, wateja wapo, kamwambia kwa sauti yake ile ya kuongea na watu wenye saa zisizotengenezeka tena: pole sana, Profesa ameikagua, siyo yenyewe. Yule mama kasema, basi, kama ni Profesa. Kaipokea kwa mikono miwili.

Na Fundi Saa kamwalika Jumamosi. Ili naye, masikini, aisikie ya kweli. Alikuwa anatabasamu akinieleza. Ni mtu mwema Fundi Saa. Angekuwa mbaya kidogo ningepumua.

Jumatano, 12 Machi

Mwalimu, mwenzetu wa Kikao, kaja kujaribu meno ya juu. Nimemwekea kipimo cha nta, nikamwambia aume, aachie, aume. Mtu mwenye nta kinywani hawezi kuongea, na leo nilishukuru kwa hilo. Lakini nta hutolewa.

Kaanza na mkewe. Kwamba siku aliporudi kutoka makaburini nyumba ilijaa watu, kila mtu ana neno. Wakaondoka, akaweka kaseti. Alipofika kwenye ukimya ndipo alipolia. "Wote walikuwa wananiambia kitu, Profesa. Pale peke yake hapakuwa na mtu wa kuniambia kitu."

Jumamosi anakuja na binti yake. Anataka amsikilizishe kabisa, maana amekwisha kumwagiza: siku yake ikifika, hataki hotuba, wapige pale tu.

Nikasema vizuri, Mwalimu. Nikashika mashine nikasaga jino ambalo halikuhitaji kusagwa. Nimeliharibu. Itabidi nianze upya safu nzima ya mbele, na yeye kanishukuru kwa subira yangu!

Nikisema, namvunjia Mwalimu ukimya wake. Hiyo nayo ni sababu. Nimeifurahia mno kuipata, ndiyo maana siiamini.

Alhamisi, 13 Machi

Nimekwenda kibandani kwa mshonaji. Nilibeba sketi isiyo na ubaya wowote.

Kanijua mara moja, kainuka, kanipa kiti chake. "Karibu, Profesa." Si kwa kejeli. Ningependa ingekuwa kwa kejeli.

Kaigeuza sketi huku na huku, kaniuliza ina nini. Nikasema pindo. Kalitazama pindo, kanitazama, kasema sawa dada, tutalipandisha kidogo. Kaanza kulifumua pale pale. Mshono mzuri kabisa, nausikia unavyokatika.

Nikamuuliza santuri aliipata wapi, kama mtu anayeuliza bei ya vitufe. Kasema mama yake alikuwa mshonaji vilevile, cherehani hii hii. Wakifika kwenye kuku mama anaacha kukanyaga cherehani, anaigiza, anamdonoa yeye mdogo tumboni kwa vidole. "Ndiyo kicheko cha mama ninachokikumbuka zaidi. Wakati mwingine wote alikuwa mkali." Kisha kasema siku hizi haipigi tena. Tangu Fundi Saa aje. Anajisikia vibaya kucheka kitu cha uongo.

Hapo. Hapo ndipo palikuwa mahali pangu pa kusema. Hakukuwa na mtu mwingine kibandani, mashine imenyamaza, kaiinamia sketi na pini mdomoni. Nikasema: lini nipitie sketi?

Nimerudi nyumbani nikaanza kupika, nikaacha. Sina njaa. Mtu mzima mwenye umri wangu, mwenye karakana yake, na siwezi kutamka neno kuku.

Jumamosi, 15 Machi

Naandikia hapa hapa, chumba cha nyuma. Hotuba yangu iko kwenye kurasa za mwisho za daftari hili, kwa hiyo hakuna anayeshangaa kuniona nimelishika.

Nilifika mapema nikiwa na nia. Nilitaka nimwambie Fundi Saa kabla ya viti. Lakini Mwalimu alikuwa amekwisha kufika, na binti yake, mwanamke mkubwa mwenye macho ya baba yake. Akanishika mkono kwa mikono yote miwili, akasema baba haachi kunitaja. Halafu wengine. Halafu mshonaji, na sketi yangu kaikunja kwenye mfuko, kaipiga pasi. Kaketi karibu na mlango, kiti kile kile.

Nimetoa hotuba. Yote. Hewa, mwezi, nafasi tuliyoachiwa. Nilitafuta mahali pa kusimama na kusema kweli, kila sentensi ilinipeleka kwenye nyingine. Naijua mno.

Upande wa pili umepigwa. Vikombe chini. Mimi sikufumba macho. Kwenye ukimya nimesikia kitu nilichokuwa sijawahi kukisikia, mvumo mdogo wa chumba cha nyumbani kwetu, na kaseti inazunguka. Mwalimu machozi yanamtoka, binti kamlalia begani. Mshonaji kafumba macho kuliko wote, kayabana kama mtoto anayelazimishwa kulala.

Sasa wamemaliza kupiga makofi. Fundi Saa ameuliza kama kuna mwenye neno.

Mshonaji amesimama. Amesema hana mengi. Amesema anaomba radhi kwa mwaka juzi, na kwa kuleta kitu kibovu kwenye siku ya watu wanaojua. Kwamba leo ameelewa. Kwamba ametafuta ukimya huo na ameusikia, ni mzuri, na ya kwake ataitupa, asije akampotosha na mwingine.

Fundi Saa kasema usijali mama, karibu sana. Mwalimu kasema karibu. Yeye hajaketi. Ananitazama mimi, maana radhi ni yangu kuitoa. Binti wa Mwalimu kageuka. Wote wamegeuka. Fundi Saa kasema, Profesa, neno kidogo.

Nimeinua kidole, wanisubiri kidogo. Wanadhani naandika nitakachosema –