Kitanda cha Sita

Jumatatu, 6 Julai
Mjukuu karudi zamu asubuhi, alama za barakoa usoni kama kachorwa kwa kisu. Kaoga nje bombani, kajifungia chumba cha uani. Hataki nimsogelee — mimi niliyemwogesha! Nikamuuliza dirishani, wagonjwa wako vipi? Akajibu kwa namba za vitanda: wa tatu hivi, wa tisa vile. Nikamfokea: hao ni watu au mafungu ya nyanya? Mtu ana jina! Akasema, "Bibi, nikibeba na majina sitalala." Sahani kairudisha ilivyokwenda. Nesi mzima hajui kula!

Jumatano, 8 Julai
Jirani yetu, fundi cherehani, kaja ukutani analia. Mumewe kalazwa hospitali ile ile ya mjukuu, wodi nyingine, kitanda cha sita. Ndugu hawaruhusiwi kuingia. Akipiga simu haipokelewi. Nikamwambia nyamaza wewe, nyumba hii ina nesi. Nilijisikia mkubwa!
Mjukuu kanuna. Eti ana wagonjwa wake kumi na wanane, na simu za ndugu zao ni juu yake, na mwenzake naye kaugua. Nikamwambia kuuliza tu kutakuvunja mguu?

Alhamisi, 9 Julai
Kauliza! Kitanda cha sita kakaa mwenyewe, kanywa supu. Nikamtangazia fundi palepale ukutani. Kacheka mpaka kakohoa — nikarudi nyuma, sina mchezo na kikohozi siku hizi. Mchana kutwa cherehani inalia. Anamshonea mzee wake shati la kurudia nyumbani.

Ijumaa, 10 Julai
Leo mjukuu hakuoga. Kakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, na sare yake. Nikaanza kugomba. Akanikatiza, sauti ndogo. Mume wa fundi alifariki tangu Jumatano jioni. Kitanda wakampa mwingine. Huyo ndiye wa supu.
"Niliuliza kitanda, Bibi. Sikuuliza jina."
Na mkewe mbona hakuambiwa? Kule wamebaki manesi wawili. Kila mmoja alidhani mwenzake kapiga simu.
Halafu akaanza kutaja. Majina! Ya wote waliomfia mikononi, tangu mwezi wa tatu, na huyu alikuwa dereva, na huyu alimwita mama yake. Kumbe anayo yote. Hakuacha hata moja.
Nilikuwa na maneno tele mdomoni. Nikayameza. Nikasema, kalale, fundi nitamwambia mimi, si mimi niliyekutuma? Akasema hapana, Bibi, hiyo ni kazi yangu. Lakini hasimami.

Cherehani imenyamaza.
Fundi huyo ukutani, kashika shati la bluu, anaita: "Mwanangu, kiuno nimekipunguza, maana atakuwa amekonda. Utampelekea leo?"
Mjukuu kasimama. Anavaa barakoa. Anakwenda — miguu mizito kama ya mzee kunishinda mimi.
Naandika hapa, nisitazame. Lakini nachungulia. Fundi anamwonyesha vifungo —