Vitambaa Thelathini na Kimoja

Kwako Dada Nevena,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba madaktari wa huko Valencia wamekwisha kukuruhusu kutupa magongo. Shemeji Krum na watoto hawajambo? Mimi sijambo, ila mgongo, nao nimeuzoea. Theluji imeyeyuka na mcheri wa uani umechanua.

Uliniuliza habari za kazi yetu ya kroshia. Imekwenda vizuri. Majira yote ya baridi miti kumi na minne ya uwanjani ilivaa vitambaa vya sufu, toka shinani hadi matawi ya kwanza, na watu walikuja hata kutoka Plovdiv kuipiga picha. Sasa tumeivua. Tunafua vitambaa na kuviunganisha viwe mablanketi ya wale watoto wa nyumba ya mlimani, ambao hawatarajiwi kupona. Msimamizi ni Dobrinka, mwalimu wako wa hesabu, na hadi leo anatuhesabia vitundu kama darasa la pili. Juzi alimwambia mwenzetu Tsonka mbele ya watu, "Mama wee, hiki kitambaa au wavu wa samaki?" Tsonka akamjibu kwamba basi auchukue akavulie samaki. Tulicheka hadi chai ikapoa.

Mama naye alifuma, akiwa kitandani, hadi wiki yake ya mwisho. Aliacha vitambaa thelathini na kimoja vya sufu ya buluu. Unaujua mkono wake ulivyokaza uzi. Kila kimoja kilipungua kipimo kwa upana wa kidole. Dobrinka alivipima, akaniagiza nizungushie mstari mmoja tu pembeni, vitalingana na vya wenzake. "Katikati usiguse, Stoyanka," alisema. "Mkono wa mama yako Ginka hatuupati tena."

Nikavichukua nyumbani. Siku ileile ikafika barua yako, ukiomba nikuwekee kimoja, kimoja tu, kwa kuwa mguu ulikuzuia kuja kumzika. Wiki tatu zimepita sijakujibu. Kosa si la posta.

Dada, hakipo. Nimevifumua vyote.

Kina Dobrinka niliwaambia nondo wamevitoboa, imesalia sufu tu ya kufuma upya, wakanihurumia, na Tsonka akaniletea banitsa ya moto, iliyojaa jibini. Niliila. Nondo hakuwapo. Nilikaa jikoni na sindano, barua yako iko mezani, nikakumbuka miaka sita ya kumwogesha Mama na kumlisha, naye akifuma huku akikutaja wewe. "Nevena ana mikono myepesi. Nevena angenichana nywele bila kuniumiza." Tangu utotoni wetu Mama alikuwa akinipokonya kazi yangu, anavuta uzi, ananirushia mapajani: "Anza upya!" Yako hakuifumua hata siku moja. Nikavuta uzi wa kitambaa kimoja. Naona haya kukuambia kwamba nilifurahi. Nikavuta cha pili, na cha tatu, nikijua kabisa kwamba kimoja ni chako. Nilipofika cha mwisho nilikuwa nalia, na bado mikono ilivuta.

Sufu niliifua ikanyooka, nikaifuma upya kwa mkono wangu uliolegea. Imo kwenye blanketi la mtoto mmoja huko mlimani. Inampa joto, lakini si ya Mama tena. Sikuombi unielewe. Nilimpenda, Nevena, na nilikuonea wivu hadi ndani ya kaburi lake.

Mwezi ujao Mama anatimiza miezi sita tangu atutoke, na mchapaji anatayarisha tangazo la kumbukumbu la kubandika mlangoni na pale kanisani. Anataka majina ya wafiwa, ya kuweka chini ya picha. Lako nimempa. Langu nimemwambia asubiri kwanza jibu lako.

Nisalimie Shemeji, na wanao wabusu wote kwa niaba yangu. Mungu akujalie nguvu za mguu.

Mdogo wako,
Stoyanka