Pikipiki Isiyo na Kabureta

Misigiri, Iramba
13 Machi 2006

Kwako kaka yangu Antipasi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima hapo Singida mjini, wewe, shemeji Selina na watoto. Sisi huku hatujambo. Emiliana anakusalimu, na mtoto ameota meno mawili, anauma kila kitu hata spana zangu. Mvua ni nzuri, alizeti zimechanua.

Najua ni muda mrefu sijakuandikia. Sababu utaiona humu, na nakuomba uisome barua hadi mwisho hata ukikasirika.

Yupo hapa nesi anaitwa Anastasia, anayepeleka chanjo vijijini. Mwezi wa kwanza aliletewa pikipiki mpya isiyo na kabureta. Mafuta yanasukumwa na pampu ya umeme iliyo ndani ya tangi, yanapita kwenye mpira hadi kwenye nozeli, na nozeli ndiyo inayoirushia injini. Jumanne iliyopita alifika kwangu akiisukuma, matope hadi magotini. Ilikuwa imemzimikia akienda Kinampanda. Alisema akina mama walikuwa wakimngoja na watoto mgongoni, na barafu ilikuwa imeshayeyuka, chanjo zote za kutupa.

Kaka, niliogopa. Pikipiki nilizozizoea zikikohoa, nafungua kaskrubu chini ya kabureta, uchafu unamwagika, mtu anaondoka. Hii sikujua pa kuanzia. Anastasia akanitazama, akasema, "Fundi, kama hujui sema, nitafute lori." Niliona haya, nikamwomba siku moja.

Nilianza na ninachoweza kukisikia. Nilifungua ufunguo bila kupiga stata. Pampu ikanguruma kidogo, ikanyamaza. Basi fyuzi na waya ni vizima. Nikatoa plagi, cheche ipo. Nikachomoa mpira wa mafuta pale kwenye nozeli, nikauingiza kwenye chupa ya jamu, Emiliana akafungua ufunguo. Badala ya kuruka kwa nguvu, mafuta yalitoka kwa kusitasita. Tukaiacha chupa itulie. Emiliana ndiye aliyeniita nitazame: juu petroli, chini maji, yamejitenga kabisa.

Anastasia ananunua petroli kwangu tu. Na petroli yangu, kaka, inatoka kwako.

Mimi nilikuwa tayari nimeshahukumu. Emiliana akasema pipa jipya ulilotuma halijafunguliwa, tulipime nalo. Sikutaka. Akaleta chupa mwenyewe. Petroli ya pipa jipya ilikuwa safi hadi chini. Likabaki la zamani, lililosimama uani bila paa tangu mvua za kwanza. Nikaliinamia. Maji ya mvua yalikuwa yametuama juu yake, kizibo kimezama, na mpira wa kizibo umekatika. Jua likilichoma pipa linatoa pumzi. Mvua ikilipoza linavuta, na lilichovuta ni maji.

Tulimwaga tangi lote, tukasafisha chujio, tukapuliza mpira na nozeli, tukatia petroli ya pipa jipya. Ikawaka mara ya tatu. Alhamisi Anastasia alifika Kinampanda na chanjo nyingine.

Sasa ndipo penye uzito. Tangu Desemba, wateja walipolalamika, niliwajibu kwamba petroli inakuja hivyo kutoka kwako. Nilisema tangu biashara ya mafuta iachiwe watu binafsi umejifunza kuongeza maji upate faida. Nilimwambia hata Mama. Ndiyo maana Krismasi alikuandalia chakula akaenda kukaa jikoni. Uliniuliza ana nini, nikasema miguu inamsumbua. Haikuwa miguu, kaka. Ulikuwa mdomo wangu. Ushahidi sikuwa nao. Nilikuwa na wivu, kwa sababu tulijifunza ufundi kwenye benchi moja, na leo wewe una duka la mafuta.

Anastasia nimemwambia. Wateja nimewafuata mmoja mmoja. Wengine wamehama, wengine wamecheka na kunisamehe. Jana kanisani niliomba ruhusa nikasimama, nikakiri mbele ya wote. Kwa Mama nilikwenda juzi kwa baiskeli. Hakunigombeza. Alisema, "Mwandikie wewe mwenyewe, mimi sitakusemea. Mwambie tu Pasaka aje. Safari hii nitakaa naye, nimwombe radhi."

Pipa sasa liko chini ya paa na kizibo kina mpira mpya. Anastasia ameleta pikipiki ya mwenzake, nayo haina kabureta, na safari hii sikuogopa kuigusa.

Nisamehe, kaka. Na kama bado huwezi, njoo hivyo hivyo ukiwa na hasira zako, unigombeze mbele ya Mama. Nitakungoja stendi.

Msalimie sana shemeji, na watoto wote uwapapase vichwa kwa niaba yangu.

Ni mimi mdogo wako niliyekukosea,
Chediel