Mama Yako Amefyonza Kahawa Mbele ya Mkwe

Iwanzya,
S.L.P. 74,
Vwawa, Mbozi.
16 Novemba, 2024.

Mpendwa mwanangu Nathanaeli,

Bwana asifiwe. Mvua ya kwanza imenyesha juzi na hapa kila mtu sasa ni mtaalamu wa kutabiri mahindi. Hujambo huko Hamburg? Kifua kimepona? Mara ya mwisho ulikohoa kwenye simu mpaka baba yako akaniuliza kama Ujerumani hakuna tangawizi. Sisi tu wazima. Goti la baba yako linamsumbua asubuhi, likipata jua linatulia. Mimi shangazi yako nina meno yangu yote isipokuwa yale mawili unayoyajua, na kustaafu ualimu hakujanipunguzia ukali hata kidogo.

Nimeamua kuandika kwa kalamu kwa sababu haya si mambo ya kubonyeza kwenye simu, na pia kuna kifurushi kinachosafiri na barua hii. Kwa hiyo kaa chini.

Umemwandikia mama yako kwamba mwezi wa kwanza utaacha kazi urudi kuokoa chama chetu cha kahawa. Nilimsomea barua hiyo mara mbili, maana miwani yake ilikuwa imepotea. Nakuomba usimkabidhi bosi wako karatasi yoyote kabla hujamaliza kusoma hii yangu.

Nisikufiche, ulipoondoka nilikukasirikia sana, na nilisema maneno ambayo mengine niliyasema kanisani. Chama kilikupeleka Moshi kusomea uonjaji, ukatuonjea misimu minne, halafu wageni wakakuchukua. Na hukuwa wewe peke yako. Mwaka uleule muuguzi wa zahanati alikwenda Uarabuni, na mwalimu wetu wa fizikia akavuka pale Tunduma, akapita Nakonde, akaenda kufundisha Zambia. Tulichinja kuku kuwaaga wote, tukaimba, tukaomba. Kesho yake wajawazito wakawa wanapelekwa Vwawa kwa bodaboda, na watoto wa kidato cha tatu wakawa wanakariri fizikia bila kuielewa.

Kwenye kahawa pigo lilikuja polepole. Msimu wa kwanza bila wewe mnunuzi alirudisha sampuli akasema ina dosari. Msimu wa pili ikarudi tena na maneno yaleyale. Dosari gani? Hakueleza, na sisi tusingeweza kujua, kwa sababu tunalima kahawa tangu enzi za babu zetu lakini tunakunywa chai! Unatujua. Ingia nyumba yoyote ya Iwanzya uombe kahawa, utapewa chai ya maziwa na pole ya safari. Mama yako mwenyewe alikuwa akisema kahawa inapeleka moyo mbio, kwamba Mungu aliiumba kwa ajili ya kuuzwa.

Novemba ya mwaka jana tukakaa mkutano. Mzee Osea, mwenyekiti wetu, akasema wazi kwamba tutajaribu msimu mmoja tu. Kahawa ikirudi tena, tunafunga mtambo wa kumenyea na kila mtu ang'oe mibuni apande mahindi. Hakuna aliyebisha. Mingine ya mibuni hiyo aliipanda babu yako kabla sijazaliwa. Nilifika nyumbani nikalia, wala sioni aibu kukuambia.

Asubuhi yake nikakumbuka daftari lako la jalada la bluu, lile ulilokuwa ukiandika unapoonja. Lilikuwa kabatini kwa mama yako, chini ya vitambaa. Nikawaambia wajumbe wenzangu wa bodi, tujifunze wenyewe. Tulikuwa watano pamoja na Mzee Osea. Mama yako tulimwita kuja kukaanga buni na kuchemsha maji tu.

Siku ya kwanza ni ya kucheka. Mama yako alituletea sampuli sita kwenye sinia, vikombe sita, kila kimoja na sukari na tangawizi, maana watu wazima huwezi kuwapa kitu kichungu hivihivi. Tukanywa, tukamshukuru. Mzee Osea akaandika "nzuri" mara sita tukaenda zetu.

Mara ya pili tukakataa sukari. Tukanywa kwa adabu, midomo imefungwa, kama wageni wa harusi, na hatukupata kitu ila uchungu. Nikafungua daftari. Umeandika: "Fyonza kwa nguvu mpaka isikike mlangoni, kisha tema." Tulijaribu, tukapaliwa wote watano. Nikaendelea kusoma: "Kikombe hiki kina uji wa ulezi uliolala. Hiki kina ndizi zilizovundikwa darini, siku ya nne." Nikauliza kama huyu mtoto alikuwa anaonja au alikuwa na njaa.

Mama yako alikuwa amesimama mlangoni na birika. Akasema, "Ndizi za darini siku ya nne zinaanza ukali puani. Za siku ya tatu hazina."

Nikamsomea mstari mwingine, naye akaueleza, na mwingine, akaueleza. Nathanaeli, kila neno la daftari lako lilitoka jikoni kwake! Sisi tulikuwa tunahangaika na mafumbo, kumbe mwenye nyumba amesimama mlangoni. Tukamwekea kiti.

Hapo likazuka jambo jingine. Mzee Osea ni mdogo wa babu yako, yaani ni mkwe wa mama yako, na kwetu mkamwana hatafuni kwa sauti mbele ya mkwe wake, sembuse kufyonza na kutema. Mama yako akashika kijiko, akatazama chini, akakirudisha mezani. Kisha Mzee Osea akainuka, akakigeuza kiti chake kikaelekea ukutani, akakaa tena.

"Mkamwana," akasema, "mimi sipo hapa. Fyonza."

Akafyonza. Mwanangu, kuku walikimbia uani.

Alipofika kwenye sampuli iliyorudishwa alifyonza mara tatu, akafumba macho. Akasema, "Hii imelala na kapenta."

Tukacheka. Yeye hakucheka. "Wale dagaa wa Zambia. Twendeni mkanuse magunia."

Magunia hayo tulianza kuyanunua ulipoondoka, mitumba, pale Tunduma, kwa mtu anayeyatoa ng'ambo. Tuliyafua kwa sabuni na kuyaanika siku mbili, kwa macho ni masafi kabisa. Mama yako akatia kichwa ndani ya gunia akatoka anaguna. Tukatia na sisi, mmoja baada ya mwingine, na kweli, ukishaambiwa unaisikia harufu yao, kwa mbali, chini ya sabuni. Nikakukumbuka ulivyokuwa ukipita ghalani unanusa gunia baada ya gunia, watoto wakikuita Bwana Pua na sisi wakubwa tukicheka nao. Tulidhani ni tabia yako tu. Kumbe ilikuwa ni kazi, na ulipoondoka hakuna aliyeirithi.

Basi msimu huu tulitafuta magunia mapya, na mama yako akaonja kila wiki. Akagundua na kosa la pili. Kahawa iliyomenywa Jumamosi ilikuwa na uji uliolala, kwa sababu Jumapili hatufanyi kazi, kwa hiyo ilikaa ikichacha kwenye tangi la mtambo mpaka Jumatatu. Siku hizi kahawa mbivu kutoka shambani inapokelewa mwisho Alhamisi, ioshwe kabla ya Jumapili. Tunasali kwa amani na kahawa haiharibiki.

Sasa sikia. Mwezi wa tisa kulikuwa na mashindano ya kuonja kahawa ya vyama vya wakulima, Vwawa mjini. Vikombe thelathini na kimoja, havina majina, namba tu. Chetu kilikuwa namba kumi na saba. Waonjaji watatu kutoka mbali, makoti meupe, wakazunguka ile meza asubuhi nzima. Wakatangaza wa tatu, wakatangaza wa pili. Mimi tayari nilikuwa nimeshachukua mkoba wangu. Kisha wakasema, wa kwanza, namba kumi na saba!

Nilipiga kigelegele ambacho nadhani kilifika huko kwenu. Wakauliza, mwonjaji wenu yuko wapi? Wakawa wanatafuta kijana. Akasimama mama yako na kitenge chake cha kwaya. Nadhani hawakuamini, maana walimpangia vikombe vitano wakampa kijiko, aeleze mbele ya ukumbi mzima. Mzee Osea alikuwa mstari wa mbele. Nikamwona anainuka, anashika kiti akigeuze.

"Baba," mama yako akamwambia, "leo usigeuke."

Akafyonza vyote vitano, akatema, akavieleza kimoja kimoja, na yule mwonjaji mkubwa akawa anatikisa kichwa kukubali huku anaandika. Wa kwanza kupiga makofi alikuwa Mzee Osea, na machozi yalikuwa yanamtoka. Tulirudi Iwanzya kwenye lori tukiimba njia nzima, mpaka mimi nikapoteza sauti siku tatu, jambo lililomfurahisha sana baba yako.

Kahawa yote imenunuliwa. Katika mkutano wa juzi hakuna aliyetaja kung'oa mibuni. Wanawake wawili wameanza kufundishwa na mama yako, naye anawakaripia kuliko nilivyokuwa nikiwakaripia ninyi darasani. Sikudanganyi kwamba kila pengo limezibika. Zahanati bado haina muuguzi, na fizikia bado inakaririwa. Lakini hili lako tumeliziba wenyewe, na nasema hivyo kwa furaha, siyo kwa kukusuta. Hasira yangu kwako imekwisha.

Kwa hiyo ile barua ya kuacha kazi ichane. Usirudi kutuokoa. Rudi ukitukumbuka, rudi likizo, rudi kuoa, maana hilo nalo tumelisubiri vya kutosha.

Kwenye kifurushi kuna buni ya namba kumi na saba, na bahasha iliyofungwa kwa gundi. Kaanga, onja, andika unachokipata, ndipo ufungue bahasha. Ndani mama yako ameandika alichokipata yeye. Na usichungulie, nakujua ulivyokuwa ukifunua majibu nyuma ya kitabu.

Baba yako Danieli anakusalimu, anasema uvae soksi mbili. Wadogo zako Pendo na Samwel wanakusalimu. Mzee Osea anasema ukija atakukalisha uso kwa uso. Mungu wa baba zetu akulinde kwenye baridi hiyo, akupe afya na watu wema wa kukaa nao.

Mama yako nimemuuliza niongeze nini. Amesema: "Mwambie nimeandika kwa maneno ya jikoni kwangu. Akiyaelewa yote, bado ni wa hapa."

Ni mimi shangazi yako ninayekupenda hata nikikugombeza,

Loisi